Kitanda Kando ya Mashine

Mara ya nne Sifuna alipobonyeza neno la kuhifadhi, paneli ya kusimamia tovuti ilimjibu kwa adabu ile ile ya mara tatu za kwanza: mabadiliko yamehifadhiwa. Akafungua ukurasa wa kampuni ili ahakikishe. Sura yake mwenyewe ikamkodolea macho kutoka kwenye skrini, kipara, tai nyekundu na yote, na chini yake maneno yale yale yaliyomleta Nelima Wangila ofisini humo asubuhi ya Jumanne.

ILANI KWA UMMA. Kufuatia malalamiko mengi ya wakulima, mtu ambaye picha yake iko hapo juu si wa kuaminika. Aliuza mbegu bandia za mahindi, namba K-117, kwa wakulima wa Ndalu, Tongaren na Kwanza. Atakayefanya biashara naye asije akalia baadaye.

"Si unaona?" Sifuna alisema. "Inasema imeweka, na haijaweka. Natoa picha, inarudi. Natoa maneno, inarudi. Wiki nzima, madam. Na Ijumaa wakaguzi wa leseni wanakuja."

Kila Mkenya anazijua ilani za namna hiyo. Mtu akifukuzwa kazi, kampuni humwanika gazetini kwa picha ya pasipoti, na kuanzia siku hiyo hata muuza sukari humtazama mara mbili. Mwaka uliopita, Mei 2006, Sifuna alikuwa amemwanika mtunza stoo wake, Wekoye, kwa maneno hayo hayo, kwenye gazeti na kwenye tovuti ya kampuni yake ya Mbegu Imara. Wekoye hakumaliza mwaka. Presha ilimwangusha Novemba, akazikwa kwao Tongaren. Ilani ikabaki kwenye tovuti, na picha yake ikabaki palepale, mpaka Jumatatu ya juma lililopita. Siku hiyo mtu alitoa sura ya marehemu akaweka ya tajiri.

Nelima alikuwa ameacha kazi ya upelelezi serikalini miaka mitatu iliyopita. Wakubwa wake walikuwa wamempeleka Nairobi miezi minne kusomea uhalifu wa kompyuta, kisha wakamrudisha kwenye kituo ambacho hakikuwa na kompyuta hata moja. Sasa alikuwa na chumba chake juu ya duka la viatu hapo Kitale, na wateja aliowachagua mwenyewe. Huyu alikuwa amemchagua haraka, na kwa sababu mbaya. Mwaka uliopita alipanda K-117 kwenye ekari zake mbili za Ndalu. Yalikuwa mahindi ya posho, ya kusaga unga tu, yaliyopakwa rangi ya mbegu. Robo ikaota, na ile robo haikubeba kitu cha kumshibisha hata ngedere. Tangu siku hiyo alimchukia Wekoye kwa moyo wake wote, na kama kulikuwa na rafiki wa Wekoye anayemlipizia kisasi, yeye alitaka kumtia mkononi rafiki huyo kabla jua halijatua.

"Toka kwa kiti," alimwambia Sifuna.

Alikaa, akafungua ukurasa mwingine kabisa, ule wa anwani. Akabadilisha namba ya sanduku la posta, akahifadhi, akafungua tena. Namba mpya ilikuwepo. Akairudisha ya zamani. Kwa hiyo mashine haikuwa imejaa, na paswadi ilikuwa nzima. Akarudi kwenye ilani, akafuta nukta moja tu mwishoni mwa sentensi. Imehifadhiwa, paneli ikasema. Akafungua. Nukta ilikuwa imerudi kazini.

Akavuka barabara mpaka kwenye cyber, akalipa dakika tano, akafungua ukurasa ule kwenye kompyuta isiyomjua mtu. Sura ya Sifuna ikamlaki huko pia, na kijana wa kaunta akacheka akajifanya anakohoa. Basi kosa halikuwa la kompyuta ya ofisini kung'ang'ania picha ya jana. Kosa lilikuwa kwenye seva yenyewe, ile mashine inayobeba tovuti.

Aliporudi alifungua kumbukumbu za paneli, orodha inayoandika kila anayeingia na alichogusa. Ilionyesha miezi mitatu tu ya nyuma. Akaipitia kwa kidole. Kulikuwa na majaribio ya Sifuna thelathini na moja, yote ya siku hizi nane. Lakini siku ile ya Jumatatu, siku ambayo sura moja ilitoka nyingine ikaingia, hapakuwa na kitu.

"Hakuna mtu aliingia kwa paneli," alisema. "Aliyebadilisha hii alikaa kwa mashine yenyewe, kwa kibodi yake. Mashine iko wapi?"

"Bungoma. Ile branch yetu ya zamani. Tuliifunga Wekoye alipotoka, lakini seva ilibaki huko kwa sababu ya ile dishi ya intaneti." Sifuna alirekebisha tai. "Ni Rohan. Yule fundi. Yeye ndio aliiweka, yeye ndio ana paswadi kubwa. Nilimwambia nitatafuta fundi mwingine, akaweka kinyongo."

"Umeenda kuangalia?"

"Niko bize, madam."

"Na kuihamisha tovuti kwa mashine nyingine?"

"Jina ya tovuti iliandikishwa na Wekoye. Wenye kuandikisha wanataka sahihi yake." Sifuna alitazama dirishani. "Sasa nitaitoa wapi."

Mtu ana wakaguzi Ijumaa, mashine inayomwaibisha iko mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na hajaenda hata kuipiga teke. Nelima akaliweka hilo mfukoni, akatoka. Kwenye meza ya mlangoni alimkuta Sellah, karani, akipanga barua.

"Ile ilani ya kwanza, ya Wekoye," Nelima alimuuliza, "ulitype wewe?"

"Mimi ndio hutype kila kitu hapa," Sellah alisema bila kuinua macho. "Lakini hiyo sikutype. Bosi aliniambia alitype mwenyewe, na yeye hutype kidole kimoja kimoja."

"Lini?"

"Sijui. Mimi niliiona tu siku imetoka, kama watu wengine."

*

Duka la Rohan lilikuwa katikati ya Bungoma, redio upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Babu yake alikuwa ameanza na cherehani. Rohan mwenyewe alikuwa na miaka hamsini hivi, miwani puani na koleo mkononi, na hakuonyesha mshangao wowote kumwona Nelima.

"Sifuna amesema ni mimi," alisema.

"Amesema."

"Basi ngoja nikuonyeshe mimi nafanya nini wiki yote." Akamgeuzia kompyuta yake. "Kawaida naingia seva kutoka hapa dukani. Sasa angalia." Akajaribu. Mashine ikamkatalia. "Mlango ya mbali imefungwa. Imebaki paneli tu, na paneli ni kama askari wa geti, inaandika jina yako kwa kitabu lakini haina ufunguo ya nyumba. Inasema imehifadhi kwa sababu imepokea. Haiangalii kama imeandikwa."

"Na kwa nini haiandikwi?"

"Mtu ameweka kufuli kwa faili ya hiyo ilani. Iko amri moja fupi. Ukiiandika, faili haibadiliki, haifutiki, hata na mwenye mashine, mpaka ukae kwa kibodi yake uandike amri ya kufungua." Rohan akashusha koleo. "Watu wawili tu huku walijua hiyo amri. Mimi ni mmoja. Mwingine nilimfundisha mimi mwenyewe, na tulimzika Novemba."

"Wekoye alikuwa mtunza stoo. Alijuaje mambo ya seva?"

"Yeye ndio alilala nayo hapo branch. Umeme ikipotea, nani angeiwasha? Nilimfundisha mwaka moja. Aliandika kila kitu kwa kitabu, mpaka pale nilikohoa." Rohan alicheka kidogo, akaacha. "Sifuna yeye nilimfundisha siku moja tu. Nilienda Kitale, nikamwonyesha paneli, vile unaandika ukurasa, vile unauweka pembeni kama hujawa tayari kuutoa. Nikamwambia ajaribu. Akaandika kitu yake, akafunika skrini na mkono nisione."

"Siku gani hiyo?"

Rohan alivuta kitabu cha kazi kutoka chini ya kaunta, kile ambacho kila mteja hutia sahihi fundi akimaliza, akalamba kidole akafungua. "Februari 16, 2006. Alhamisi. Sahihi yake hii hapa."

Nelima alinakili tarehe hiyo kwa mazoea tu.

"Na wewe kwa nini hujaenda kuifungua hiyo kufuli?"

"Nimeenda mara mbili," Rohan alisema. "Mara mbili nimepewa chai. Nenda tu, utaona. Ukitoka hapa pinda kwa posho mill, ploti ya Mama Nakhumicha."

"Mama Nakhumicha ni nani?"

Rohan alimtazama juu ya miwani. "Sifuna hakukuambia? Ni mama ya Wekoye. Na ni mama ya bibi ya Sifuna."

*

Ilikuwa ploti ya vyumba sita vinavyoangaliana, uwanja wa saruji katikati, na dishi kubwa juu ya paa. Mbele, pale palipokuwa branch ya Mbegu Imara, sasa palikuwa na mwanamke wa cherehani na mteja wake. Chumba cha seva kilikuwa nyuma. Mlango ulikuwa wazi, pazia limening'inia, na kutoka ndani ulisikika mvumo wa feni ndogo usiokoma.

"Hodi."

"Karibu. Vua viatu, nimepiga deki."

Nelima alifungua pazia, akaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, hata kabla hajasema mulembe, salamu ya kwao.

Mashine ilikuwa kwenye meza ukutani, taa zake za kijani zikipepesa. Hatua moja kutoka hapo, ukielekea mlangoni, palikuwa na kitanda. Kilikuwa kitanda kizima cha futi nne, kimetandikwa blanketi la maua, na kilikuwa kimewekwa kwa makusudi, kwa sababu hakuna njia ya kuifikia ile meza bila kukizunguka ukigusa godoro. Kandambili zilikuwa chini, rozari kwenye msumari, kanga ya kulalia kwenye kamba. Na katikati ya kitanda aliketi mama wa miaka sabini hivi, miwani shingoni, akichambua maharagwe kwenye ungo.

Sifuna alikuwa Mbukusu, na Mbukusu na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawaketi karibu, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Ama chumba anacholala mama mkwe, hicho mkwe hatii mguu ndani hata kama nyumba inaungua. Nelima alimkumbuka Sifuna akitazama dirishani, akayaelewa sasa macho yale. Tajiri mwenye malori manne alikuwa amefungiwa nje ya mashine yake na kitanda cha mbao.

"Mulembe, mama."

"Mulembe muno. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Nelima, wa Ndalu. Mkwe wako amenituma nitafute nani alibadilisha ile picha."

"Ni mimi," Mama Nakhumicha alisema, akatupa jiwe moja kutoka kwenye maharagwe. "Utakunywa chai?"

Nelima alikuwa amezoea kuhangaika kwa jibu hilo. Leo alilipata kabla ya chai.

"Nani alikusaidia?"

"Nilipiga taipu kwa ofisi ya DC miaka ishirini na tisa, binti yangu. Barua ya kuhamisha chifu, ya kufukuza chifu, zote zilipita kwa vidole hivi. Unadhani kompyuta itanishinda?" Akainua mto, akatoa daftari la mistari lenye jalada la bluu. "Wekoye aliandika kila kitu. Hapa vile unaweka picha. Hapa vile unafunga mlango ya mbali. Hapa kufuli. Mimi nilifuata tu. Makosa moja tu nilifanya, nikarudia."

"Na kitanda?"

"Nilitoka Tongaren nikasema nakuja mjini karibu na daktari. Kila mtu akasema vyema, mama amefikiria." Alitabasamu bila furaha yoyote. "Sifuna alituma askari wa stoo yake. Kijana wa kutoka Chwele, alifika hapo kwa pazia, akaona hii blanketi, akaniamkia akarudi. Hakuna mtoto wa watu atakanyaga hapa. Na yeye mwenyewe ndio hawezi kabisa."

Nelima alikaa ukingoni mwa kitanda kwa sababu hapakuwa na kiti. Hasira aliyokuja nayo kutoka Kitale ilikuwa bado haijapoa, naye hakuwa mtu wa kuificha.

"Mama, mimi nilipanda K-117. Ekari mbili. Wekoye ndiye alifungua mifuko, Wekoye ndiye alitia sahihi. Nilialikwa kwa matanga yake nikakataa kuja. Nakuambia ujue nani ameketi hapa."

Mikono ya mama ilisimama juu ya maharagwe.

"Asante kwa kusema," alisema. "Wengi walikataa kuja. Tulipika chakula ya watu mia tatu, wakaja arobaini. Kaburi ilichimbwa na mabinamu wawili na mwalimu mmoja." Akaanza kuchambua tena. "Mifuko ilikuja imefungwa. Yeye alihesabu mifuko, hakuhesabu punje. Alipofukuzwa alikuja kwangu Tongaren, akakaa kwa hii kitanda hapo unakaa, akaniambia, mama, mimi sijui rangi ilipakwa lini. Hakusema kitu ingine mpaka akakufa."

"Uko na ushahidi wa hiyo?"

"Ningekuwa na ushahidi ningeenda kortini. Mimi sina ushahidi. Nina kitanda."

Nelima akasimama. Halafu akasema, "Niruhusu kwa mashine."

Mama aliivaa miwani yake. Alimtazama usoni muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama machifu bila shaka, kisha akavuta miguu yake kando. Nelima akakizunguka kitanda, akapiga magoti mbele ya meza.

Kumbukumbu kamili za paneli zilikuwa humu ndani, tangu siku mashine iliwashwa. Akaitafuta ilani. Kila ukurasa ulikuwa na mistari miwili: siku ulipoandikwa na kuwekwa pembeni, na siku ulipotolewa kwa watu. Siku ya kutolewa ilikuwa Mei 9, 2006, kama alivyojua. Akatazama mstari wa juu yake, akausoma mara ya pili, kisha akachukua kijitabu chake mwenyewe na kukifungua.

Uliandikwa Februari 16, 2006. Na Sifuna. Kati ya mistari hiyo miwili hapakuwa na badiliko lolote, la neno wala la picha.

"Mama, una redio?"

"Hiyo hapo dirishani."

Zilikuwa zimebaki dakika tatu kufika saa saba. Nelima alingojea mlio wa taarifa ya habari, akaulinganisha na saa ya mashine. Ilipishana kwa sekunde kumi na moja. Hiyo ilikuwa saa ya leo, na wakili mjanja angesema mwaka jana ilikuwa imepotea. Lakini mwaka jana palikuwa na kitabu cha Rohan, chenye sahihi ya Sifuna, tarehe hiyo hiyo. Maneno ya Rohan yakamrudia: akaandika kitu yake, akafunika skrini na mkono.

Akaendelea kutafuta. Kulikuwa na tangazo lingine, kubwa, lenye picha ya gunzi lililonona: K-117 kuanza kuuzwa Jumatatu, Machi 6. Hilo hakulihitaji. Siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa wa tisa kwenye foleni.

Ilani ya Februari ilisema "kufuatia malalamiko mengi ya wakulima". Februari wakulima walikuwa bado wanapiga jembe la kwanza. Hakuna mfuko uliokuwa umefunguliwa, hakuna punje iliyokuwa imeonja udongo. Nani humwandikia mtu tanzia kabla hajaugua? Ni yule tu anayejua alichotia kwenye chakula. Sifuna alikuwa amejua mbegu ni posho, amejua shamba litakataa, na kabla hajauza mfuko mmoja alikuwa ameshachagua nani atabeba msalaba. Alimchagua shemeji yake, kisha akamwachia amfungulie duka miezi mitatu akimjua kuwa ni maiti.

Nelima aliisikia hasira yake ikihama nyumba. Mwaka mzima ilikuwa imekaa kwenye kaburi la Tongaren. Sasa ilisimama, ikapangusa udongo, ikashika njia ya Kitale.

Alimsomea mama tarehe zote mbili, polepole, mara moja. Mama Nakhumicha hakulia. Aliweka ungo chini, akajifunika blanketi miguuni, ingawa jua la mchana lilikuwa kali.

"Mwite," alisema.

*

Sifuna alifika saa tisa kasorobo kwa pikapu, akiwa ameshamfunga Rohan pingu moyoni. Kwenye simu Nelima alikuwa amemwambia maneno mawili tu, nimempata, na mahali. Sifuna alisimama katikati ya uwanja wa saruji. Hakupita pale. Mwanamke wa cherehani alisimamisha cherehani yake. Wapangaji wawili walitoka na beseni la nguo ambalo halikuwa na nguo.

"Madam Nelima," Sifuna aliita. "Yuko wapi huyo mtu? Ni Rohan, si ndiyo?"

"Mtu ni mimi, mkwe wangu," ilijibu sauti ya nyuma ya pazia. "Niko kitandani. Ingia."

Sifuna aliangalia chini haraka, kama inavyopasa. Beseni likawekwa chini taratibu.

"Mama," alisema akiwa ameutazama ukuta, "tafadhali toka nje tuongee na heshima. Hii mambo ya kompyuta ni ya kampuni. Wewe hujui."

"Sijui. Ndio nasema ingia unionyeshe. Mashine ni yako, haujakatazwa. Iko hapa karibu na mto wangu."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi kwa Sifuna. Alipiga hatua moja. Kila mtu uwanjani akautazama mguu wake. Ukabaki hewani kidogo, ukarudi ulikotoka.

Nelima alitoka mpaka kizingitini, akashika pazia kwa mkono mmoja.

"Uliniajiri nitafute nani na kwa nini," alisema. "Nani, umesikia. Sasa kwa nini. Ilani ya Wekoye uliandika lini?"

"Mei. Kila mtu anajua ni Mei. Wakulima walilalamika."

"Uliandika mwenyewe ama Sellah?"

"Sellah ndio huandika. Mimi sijui hata kutype."

"Na siku Rohan alikuja kukufundisha, uliandika nini ukafunika na mkono?"

Sifuna alishika tai yake.

"Hiyo ilikuwa ya majaribio tu, bana," alisema. "Mtu anajaribu mashine. Sikiza, madam. Fungua hiyo kitu, toa picha yangu, kisha tuongee mimi na wewe. Wewe ni mtu wangu. Ni mimi nilikuleta."

"Kweli, ni wewe ulinileta," Nelima alisema. "Ngoja basi niifungue."

Akaingia ndani. Mama Nakhumicha alimshika nguo. "Binti yangu, usiifungue."

"Niamini dakika moja."

Kwanza alinakili kumbukumbu zote kwenye diski, akaitia kwenye pochi. Wakulima wa Ndalu walikuwa na wakili aliyekosa kitu cha kushika mwaka mzima, na kesho angekuwa nacho. Kisha akalifungua lile daftari la bluu kwenye ukurasa wa kufuli, mwandiko wa marehemu umejipanga sawasawa, akaandika amri ya kufungua. Mashine haikusema chochote. Akaandika mistari miwili chini ya tai nyekundu. Akahifadhi. Mara hii ilihifadhi kweli. Halafu akageuza ukurasa wa daftari, akaandika amri ya pili, na kufuli likajifunga tena.

"Tayari," aliita. "Imebadilika."

Uwanjani Sifuna alishusha pumzi ndefu. Alikuwa tayari na simu sikioni, kwa kuwa mtu wa namna yake haamini mpaka aambiwe na mtu anayemlipa. Kisha, ili uwanja wote ujue nani ameshinda, akabonyeza spika.

"Sellah. Hebu angalia kama imetoka."

Simu ilikwaruza. Huko Kitale, kidole kilibonyeza kipanya.

"Haijatoka, bosi. Imeongezwa."

"Imeongezwa nini?"

"Nisome?"

Sifuna alitafuta kitufe cha kuzima, akakosea, na sauti ya Sellah ikaongezeka badala ya kupungua. Ilijaa ploti nzima, sauti ya karani anayesoma barua bila kuongeza wala kupunguza.

"Ilani ya kumlaumu marehemu Wekoye iliandikwa na Sifuna mwenyewe tarehe kumi na sita Februari, elfu mbili na sita. Mfuko wa kwanza wa K-117 uliuzwa tarehe sita Machi." Aliposema tena, haikuwa sauti ya kusoma. "Bosi. Kumbe ulijua?"

Mwanamke wa cherehani aliweka mkono mdomoni. Mmoja wa wapangaji alikuwa ametoka Tongaren, na alikuwa amepanda. Alianza kumsogelea Sifuna bila haraka.

Nyuma ya pazia kitanda kililia kidogo, mtu alipojiweka sawa juu ya mto.

"Nelima," Mama Nakhumicha alisema. "Mwambie huyo msichana asome tena. Asome polepole, na aanze na jina ya mtoto wangu."